Kitambaa cha Matope na Pembe Yake Tupu

Sogeeni, na mwenye mkono mchafu akanawe kwanza, maana leo nawapa kitambaa mkishike. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana, wengine wakabishana hadi milangoni kwao. Sina la kuwasaidia. Kazi yangu ni kusimulia, kuamua ni juu yenu.

Kulikuwa na mji uitwao Kitopeni, uliozungukwa na majaruba ya mpunga. Wanawake wa mji huo walikuwa mafundi wa batiki. Walipaka nta ya moto juu ya kitambaa cha pamba, wakakitia kwenye rangi, kisha wakakichemsha mpaka nta itoke. Palipokuwa na nta, rangi haikushika, na hapo ndipo palipotokea maua, samaki, mawimbi na kila walichotaka.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndiyo iliyowatia matatani. Mtu akizua sura mpya ya kitambaa, ambayo haijawahi kuonekana Kitopeni, kitambaa hicho hutundikwa kwenye kamba za uwanja wa kisima kikiwa kibichi. Mwenye Kamba, yaani mama mkubwa wa mafundi, huja na sindano na uzi mwekundu, akauliza, "Cha nani?" Hujibiwa jina moja, naye hulishona kwenye pembe. Tangu siku hiyo kitambaa huitwa jina hilo. Watu hawasemi nataka chenye maua. Husema nataka Rukia pande mbili, au leo nimejitanda Mwanaidi. Na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukipaka bila kumwomba mwenye jina au mtoto wake wa kwanza.

Majina mawili hayashonwi. Yaliwahi kushonwa zamani, na mabinti wa wale wawili wakakichana kitambaa katikati, kila mmoja akaondoka na kipande. Na jina lazima lishonwe kitambaa kikiwa na majimaji. Kikikauka pembe ikiwa tupu, basi kimekuwa cha kila mtu, atakaye apake, na jina hakitapata tena.

Haya, mmeshika desturi. Sasa wenyewe.

Siwema alikuwa na mkono. Aliweza kuvuta mstari wa nta kutoka pindo hadi pindo bila kudondosha hata tone, na nta yake haikuwahi kupasuka. Kitopeni, ufa kwenye nta ni aibu, kwa sababu rangi hupenya kwenye ufa na kuacha mstari ambao hakuna aliyeuomba. Kitambaa chenye nyufa hakitundikwi. Huchemshwa kikawa cha kudekia. Siwema hakuwahi kudekia batiki yake. Ila hakuwa na cha kuchora. Akikaa mbele ya kitambaa kitupu, na kichwa kinakuwa kitupu.

Mwanjaa, wifi yake Siwema, alikuwa na macho. Akipita njia unayopita wewe kila siku, anarudi na mambo ambayo wewe hukuyaona: jinsi ukoko ulivyobanduka kwenye sufuria, jinsi kivuli cha chekeche kinavyoanguka ukutani. Ila mkono wake ulikuwa bure kabisa. Akishika brashi, nta huishia kwenye kanga aliyoivaa.

Bi Kidawa, shangazi yake Siwema, alikuwa na pua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtu akisimama mbele yake aliona kivuli tu, lakini aliijua rangi kwa harufu. Alikuwa akiinamia pipa, ananusa, anasema, "Bado kidogo," na kweli bado kidogo. Kila kitambaa kilichopata sifa Kitopeni kwa miaka arobaini kilipita kwenye pipa la Bi Kidawa. Jina lake halikuwa kwenye pembe ya hata kimoja, kwa kuwa jibu la "Cha nani?" lilitolewa siku zote na mshika brashi.

Watatu hawa walifanya kazi ua mmoja. Na mwaka huo Siwema alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na alikuwa amechoka.

Alichoka kwa sababu hii. Mama yake, Mwanashehe, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, lakini jina lake lilikuwa bado hai. Kila siku ya gulio Siwema aliwasikia wanawake wakiagiza. "Nikatie Mwanashehe." "Mwanashehe imebaki?" Alifurahi, asingekuwa mtoto kama asingefurahi, lakini furaha yenyewe haikufika mbali. Yeye hakuwa ameacha kitu. Na kwa kuwa hakuwa mtoto wa kwanza, hata hiyo Mwanashehe alipotaka kuipaka ilibidi aende kwa dada yake, akae kwenye kigoda, aombe. Kwa miaka ishirini alikuwa akipaka vya watu. Kitopeni mtu wa namna hiyo huitwa mkono wa kuazima, na kuna waliomwita hivyo mbele ya uso wake, wakicheka kama utani.

Siku moja, mpunga ukiwa umeshavunwa na maji yameondoka mashambani, Mwanjaa aliingia uani amebeba ungo. Ndani yake mlikuwa na vipande vya matope makavu, alivyovibandua kimoja kimoja kutoka jarubani na kuvipanga tena kama vilivyokuwa.

"Wifi, acha hiyo brashi uje uone," alisema.

Siwema akaja. Akaona udongo.

"Ni matope, Mwanjaa."

"Tazama vizuri. Yangeyange amepita hapa yakiwa mabichi. Jua likaja, matope yakapasuka. Sasa tazama nyayo. Ufa umepita katikati ya unyayo, na unyayo haujali, unaendelea upande wa pili. Ndege ni kama bado anatembea."

Siwema akainama, akatazama kwa muda. Alijua hakijawahi kutundikwa kitu kama hicho Kitopeni. Akachukua kitambaa, Bi Kidawa akakitia rangi hafifu ya magome ya mgunga, rangi ya udongo uliokauka, na kazi ikaanza.

Kitambaa cha kwanza, Siwema alichora nyufa kwa uangalifu wote, mstari kwa mstari. Mwanjaa akakitazama, akasema, "Umechora wavu wa samaki."

Cha pili. "Huu ni ukuta wa matofali."

Cha tatu Siwema alikesha na wasiwasi, akakipaka asubuhi kabla hajanywa hata chai. Mwanjaa akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. "Kizuri."

"Ndiyo chenyewe?"

"Hapana. Ni kizuri tu."

Mnacheka? Ngojeni yawakute. Cha nne, cha tano, cha sita. Kila Siwema alipochora ufa, mkono wake uliojua adabu ulipofika kwenye unyayo wa ndege ulisita, ukauzunguka, kana kwamba unaomba njia. Au aliulazimisha upite, na ukaonekana umelazimishwa. Nyufa zake zote zilikuwa nzuri, na hakuna ufa wa kweli ulio mzuri namna ile. Alikwenda jarubani mwenyewe, akalala kifudifudi akitazama ardhi, wapita njia wakamuuliza kama amepoteza hereni. Alijaribu kuchora kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kufumba macho. Cha saba, cha nane. Subira yake ilikuwa imefika mwisho, na bado Mwanjaa alikuwa anatikisa kichwa, na kilichomuudhi zaidi Siwema ni kwamba Mwanjaa hakukosea. Yeye mwenyewe akitazama aliona kuwa sicho, ila hakuweza kusema kimekosa nini.

Kitambaa cha tisa alikipaka nta kote, uso mzima, akaacha wazi nyayo tu za yangeyange. Alikuwa ameamua kuachana na nyufa. Mwanjaa alikuja, akasimama nyuma yake, akainama atazame.

"Sema," Siwema akamwambia.

"Wifi, sasa ndege hana pa kukanyaga."

Hapo ndipo Siwema alipopasuka yeye. Alikinyanyua kitambaa kile na nta yake yote, akakifinyanga, akakitupa ndani ya beseni la maji baridi yaliyotoka kisimani wakati ule ule, akaingia na miguu miwili. Alikikanyaga huku machozi yanamtoka. "Tisa," alikuwa anasema. "Vitambaa tisa. Miaka ishirini. Mkono wa kuazima, haya, mkono wa kuazima." Nta ikalia chini ya visigino vyake, pa, pa, pa, kila mahali. Fundi ambaye hakuwahi kupasua nta alikipasua kitambaa kizima kwa siku moja.

Kisha akatoka, akajifuta miguu. "Shangazi, kesho kichemsheni, kiwe cha kudekia," akasema. Akaingia ndani.

Asubuhi yake Siwema alijitanda vizuri akaenda kwa dada yake. Mnajua alikokuwa anaelekea: kwenye kile kigoda, akaombe Mwanashehe kwa mara nyingine. Dada yake alimweka angoje mpaka alipomaliza kupepeta mchele wote. Kisha akamtazama na kumuuliza, kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, bado hujapata chako tu?"

Siwema akasema bado. Akapewa ruhusa, akashukuru.

Nyumbani, Bi Kidawa alikuwa amekiinua kitambaa kutoka kwenye beseni ili akakichemshe kama alivyoagizwa. Alikipitisha vidoleni, maana vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake. Akakuta nyufa. Akazifuata. Moja ikamfikisha kwenye unyayo wa ndege, ikaukata katikati, ikaendelea upande wa pili bila kuomba njia. Akasimama hapo hapo, kitambaa kinamchuruzika miguuni. Akapapasa kando, akaupata ungo wa Mwanjaa uliokuwa umesahauliwa ukutani, akaokota kipande cha matope, akakinusa.

Harufu ile aliijua. Utotoni aliwahi kumwona bibi yake akitia matope ya jarubani kwenye maji ya magome ya mgunga, na maji mekundu yakageuka meusi. Hakuna aliyefanya hivyo tena, tangu zilipokuja rangi za makopo. Bi Kidawa hakumuuliza mtu. Aliyaponda matope yote ya ungoni, akayamimina kwenye pipa la mgunga lililopoa, akakoroga, akanusa, akangoja, akanusa tena. Kisha akakitumbukiza kitambaa chenye nyufa, kitu ambacho kwa desturi ya Kitopeni hakifanywi.

Siwema aliporudi alikuta moto unawaka, nta inaelea juu ya maji ya sufuria kubwa, na Mwanjaa ameshika mti anakiopoa kitambaa.

"Si nilisema kiwe cha kudekia?" akauliza. Hakuwa na nguvu za kugomba.

Mwanjaa alikisuuza, akakikunjua, akakishika kwa ncha mbili.

Ardhi ya jarubani ilikuwa pale, rangi ya udongo mkavu, imepasuka mapande makubwa na madogo, na ndani ya kila ufa mlikuwa na weusi wenye kina. Nyayo nyeusi za yangeyange zilipita juu yake kutoka kona hadi kona. Ufa ulikata unyayo, na unyayo ukaendelea.

"Ndiyo chenyewe," Mwanjaa akasema.

Bi Kidawa, asiyeona, aliuliza, "Kimetoka?"

"Kimetoka, shangazi," Siwema akamjibu. Akakaa chini, akalia tena, safari hii bila hasira.

Mngependa tuishie hapo, najua. Lakini kitambaa kilikuwa kibichi, na kibichi hakingoji. Walikipeleka uwanja wa kisima, wakakitundika. Wanawake waliacha ndoo zao wakaja. Mwenye Kamba, Binti Sefu, akafika na sindano yake, uzi mwekundu umeshapita tunduni. Alikitazama mbele, akazunguka akakitazama nyuma. Hakusifu, lakini alichelewa kurudi mbele. Kisha akauliza kama desturi ilivyo.

"Cha nani?"

Siwema akafungua kinywa. Neno lile alikuwa amelisubiri maisha yake yote, fupi tu, changu. Kabla halijatoka, wifi yake alimgusa bega.

"Wifi, samahani. Kabla hujajibu, waambie watu: nyufa hizi umezichora kwa brashi au kwa kisigino?"

Watu wakacheka. Siwema hakucheka.

"Kwa kisigino changu," akasema. "Nta iliyopasuka niliipaka mimi, na nyayo nilizichora mimi. Vitambaa tisa vimeharibika mkononi mwangu, si mwako. Mtu asiyejua kupaka nta angekanyaga kitambaa mwaka mzima, asipate hata ufa mmoja unaokaa vile. Na hasira zilizonitia kwenye beseni zilikuwa zangu."

"Zilikuwa zako, lakini nani alikukasirisha?" Mwanjaa akamuuliza. "Ningesema cha tatu kimefaa, leo kingekuwa kinauzwa, na hiki kisingekuwepo."

"Hata hasira yangu unaitaka?"

"Nataka kilicho changu. Nilikiona hiki kitambaa kikiwa bado ardhini. Maisha yangu yote nawaonyesha watu vitu, wanavichora, wanashonewa majina. Mwanaidi ile ya mawimbi, nani alimwonyesha moshi wa jiko ulivyokuwa unajikunja? Sikusema kitu. Leo nasema."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo akadakia kwamba matope yapo kila mwaka na wote wanayakanyaga. Mwanjaa akamgeukia. "Ndiyo, mnayakanyaga," akasema.

Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima. Alizungumza polepole, na kelele zikapungua. "Wanangu, mimi sikukiona jarubani, na mpaka sasa sikioni. Lakini jana jioni mmoja wenu alikuwa amekikataa, na mwingine amekitupa. Kilikuwa cha kudekia. Aliyekiokoa kisidekiwe ni mimi, na weusi mnaousifu ni wangu. Miaka arobaini naulizwa rangi imeiva, siulizwi cha nani. Mwakani hata pipa sitaliona lilipo."

"Shangazi, ulivunja desturi," Siwema akamwambia, na akajichukia kwa kusema hivyo. "Nilikuagiza ukichemshe."

"Uliniagiza. Ningekutii, ungekuwa na nini hapo kambani?"

Siwema alimtazama Binti Sefu, amsaidie. Binti Sefu alikuwa amenyanyua pindo la juu kwa vidole viwili.

"Huku kumeshakauka," akasema. "Nimeshona majina thelathini na moja kwenye kamba hizi, na sijawahi kushindwa. Nikimpa aliyeona, kesho kila mpita njia atadai. Nikimpa aliyetia rangi, wapiga brashi wataniuliza desturi imekufa lini. Nikimpa mshika brashi, nampa zawadi kwa kitu alichokitupa." Akaushika mkono wa Siwema, akautia ile sindano. "Mimi sishoni. Shona wewe. Jina lolote utakaloshona, nitasema ndilo."

Sasa nataka mumtazame Siwema vizuri. Sindano ilikuwa kwenye mkono ule usiowahi kudondosha tone. Herufi sita tu, na siku za gulio wanawake wangeagiza Siwema, wangeuliza kama Siwema imebaki, hata yeye akiwa kaburini. Asingekaa tena kwenye kigoda cha mtu. Kulia kwake alisimama wifi yake, asiyeomba kitu kingine ila kutajwa mara moja. Kushoto alikaa shangazi yake, uso umeelekea upande ambao si wa kitambaa, kwa kuwa hakujua kiko upande gani. Na pembeni mwa uwanja walikuwa wameshasimama mafundi wa mtaa wa pili, wanangoja kikauke, wakakipake kwao.

Alikuwa na hasira na wote watatu, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Aliishika pembe. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee yenye majimaji, na tone la mwisho lilikuwa linajikusanya kwenye ncha yake.

Mimi nilikuwa hapo na ndoo yangu, na nitawaambia ukweli: tone lile sijalisahau. Hiki hapa kitambaa, kishikeni, mpasiane. Sindano hii, uzi umo. Je, wewe ungeshona jina la nani? Sema upesi, kinakauka.